Mistari Miwili ya Nassor

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika majina ya watoto arubaini mahali pasipotakiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha afya juzi tu, koti jeupe nimelipiga pasi mara mbili, na nikajiona nimeshakuwa mtu. Maabara ya hospitali ya mjini wakati huo ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya saruji na darubini tatu, moja yao ya kutazamwa tu, haifanyi kazi. Asubuhi ile vililetwa vikombe vya mkojo wa watoto wa skuli vya kupimwa kichocho, yale maradhi ya kukojoa damu ambayo watoto wetu huyapata kwa kuoga mitoni na kwenye madimbwi. Nikapewa kalamu. Nikaandika jina la kila mtoto juu ya kifuniko cha kikombe chake, kwa hati nzuri, nikavipanga safu safu, nikasubiri kusifiwa.

Mkuu wa Maabara alikuwa mzee mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakunigombeza. Alichukua vikombe viwili, akavifungua, akabadilisha vifuniko mbele ya macho yangu, kisha akaninyooshea kimoja.

"Haya binti, huyu nani?"

Nikasoma kifuniko. "Mwanakheri."

"Muongo. Mwanakheri yuko mkono wangu wa pili. Kifuniko kinahama, kikombe hakihami. Jina liandikwe ubavuni." Akavirudisha mezani vyote viwili. "Na kila kikombe kina mwenyewe. Usije ukashughulika na mkojo ukamsahau mwenyewe."

Akaamrisha vyote vimwagwe. Watoto arubaini wakarudishwa kesho yake kukojoa upya, na mimi nikaenda kulia chooni. Agizo la kwanza nililishika siku ile ile. Tangu hapo sijaandika jina juu ya kifuniko hata cha chupa ya achari nyumbani kwangu. La pili nililiona maneno ya kizee tu. Nimekuja kulielewa nimebakiza miaka michache ya kustaafu, na aliyelipia uzito wangu wa kuelewa alikuwa kijana wa watu.

Baada ya miaka minane mjini nilihamishiwa hospitali ya shamba, upande wa kaskazini. Huko nilikuwa chini ya Daktari wa Wilaya, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili, asiyependa kazi ya kukaa. Tulikuwa tukipanda pikipiki na sanduku la darubini, tukizunguka skuli moja baada ya nyingine. Mkojo tukiuzungusha kwenye mashine ya mkono mpaka mashapo yakae chini, kisha tone moja kwenye kioo, tukitafuta yai la kichocho, ambalo lina umbo la mbegu ya tikiti na mwiba mmoja nyuma. Ukishaliona mara moja hulisahau maisha.

Huko huko ndiko vilikonikuta vipimo vya haraka vya malaria. Kabla ya hapo malaria ilitafutwa kwa darubini, kazi ya nusu saa na macho kuuma. Sasa likawa tone la damu juu ya kidude cha plastiki, robo saa, umemaliza. Pana mstari wa kwanza, ambao kazi yake ni kukwambia kwamba kipimo ni kizima. Mstari wa pili ukitokea, una malaria. Daktari wa Wilaya aliniita akaniambia, "Bi Sada, nnataka hata bibi asiyejua alifu kwa ijiti ajue kukisoma kidude hiki." Nami nikalivalia njuga. Kila skuli, kila kituo, kila kikao cha wazazi, nilisimama nikawaitikisha watu wazima na ndevu zao: "Mmoja?" "Huna!" "Miwili?" "Unayo!" Waliitikia kwa furaha, na mimi nilijivuna. Watu wa kaskazini walikuwa wakinipita njiani wakinitania, "Bi Miwili-Unayo, hujambo?"

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kituo cha afya cha mtaani, Mpendae, karibu na nyumbani. Daktari Dhamana, yaani msimamizi wa kituo, alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, mpole, mwenye haraka ya kufikiri. Alinipa chumba kidogo chenye dirisha la kuhudumia watu, kilichopakana na duka la dawa la kituo. Ndipo katika miaka ya karibuni vikaletwa vipimo vya madawa ya kulevya, kwa sababu wazazi walishaanza kupiga hodi. Kabla ya hapo tulizoea kusema madawa ni ya watu wazima walioharibikiwa, wanaolala kwenye magofu. Sasa waliokuwa wakitajwa ni watoto wa sekondari, wenye sare zilizopigwa pasi. Bangi yenyewe ilikuwa haivutwi tu. Ilitiwa ndani ya biskuti, mtoto anakula mbele yako na wewe unamuombea shibe.

Nataka muelewe wazazi wale walikujaje. Hakuna aliyesema "mwanangu". Mmoja alisema ni kijana wa rafiki yake. Mwengine ni mtoto wa jirani, maskini hana mama. Bibi mmoja alileta mkojo ndani ya chupa ya marashi, umefungwa kwenye leso tatu, na nilipoufungua chumba kizima kikanukia harusi. Nilicheka alipoondoka, halafu nikaacha kucheka, maana nilimfikiria alivyokaa peke yake akiifunga leso ya tatu. Sisi ni watu wa sitara. Aibu ya mtoto ni ya nyumba nzima, hata ya shangazi aliyeko Pemba, na mzazi akija kwako amejifunika unaona vibaya kumfunua.

Kanuni ilikuwa mtoto aje mwenyewe, aambiwe anapimwa nini, akojoe hapo hapo kituoni, na majibu apewe mbele ya mshauri nasaha. Sisi tuliipinda. Daktari Dhamana alikuwa akisema, "Bi Sada, mtu akija kimya, mhudumie kimya," akiwa na maana nisipaze sauti dirishani. Mimi nikapita mpaka. Nikawa nawapa wazazi vipimo waende navyo nyumbani, nimevikunja ndani ya karatasi, bila swali na bila neno. Nilidhani nawafanyia hisani.

Ndivyo alivyokuja Bwana Haji. Alikuwa fundi cherehani wa kanzu, mwenye duka nyuma ya soko la Darajani, mtu wa kaskazini aliyehamia Mpendae na familia yake. Tulikuwa tukijuana kwa salamu. Mkewe nikimuona harusini, na watoto wao wawili nikiwaona wakipita: Nassor, wa kidato cha nne, na mdogo wake Rahma, wa kidato cha tatu. Alisubiri mpaka dirisha likawa halina mtu.

"Shikamoo Bi Sada."

"Marahaba Bwana Haji. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nnataka vile... vipimo vya mkojo. Vya bangi. Viwili." Akatazama nyuma. "Kuna mtu dukani kwangu, mwanafunzi wangu wa cherehani, nnamtilia wasiwasi."

Nilijua dukani kwake hana mwanafunzi. Yuko peke yake na redio yake. Na mtu wa kumtilia wasiwasi ni mmoja, vipimo viwili vya nini? Lakini nilimuona anavyotoka jasho, nikamuhurumia. Kumweleza namna ya kusoma kipimo kungekuwa kama kumwambia nimekugundua. Nikakunja vijiti viwili kwenye karatasi, nikampa, nikamuuliza habari za kanzu za Idi.

Sasa nieleze jambo la kitaalamu, na kila anayeitaka kazi hii lazima alikariri. Kipimo cha bangi kinasomwa kinyume na cha malaria. Mstari wa kwanza ni ule ule, wa kusema kipimo ni kizima. Mstari wa pili ukitokea, mkojo ni safi. Bangi ikiwamo, inauzuia mstari wa pili usije. Kwa hiyo miwili ni salama, na mmoja ndio mashaka. Vijiti vyetu vilikuja bila maelezo ya Kiswahili, na maelezo yenyewe yalikuwa ni mimi.

Wiki tano baadaye Bwana Haji alirudi, na safari hii hakusubiri watu waondoke. Alikuwa na hasira hata kofia imekaa upande. Nikamuingiza chumbani, nikafunga mlango.

"Bi Sada, kumbe hata huko kwenye nyumba ya nafuu wanayapata! Mwanangu nnampeleka akapone, kumbe nnampeleka sokoni!"

Siku ile hapakuwa tena na mwanafunzi wa cherehani. Alinimwagia yote. Nassor alikuwa akienda Paje kila Jumamosi, kuwasaidia watalii wanaoteleza baharini kwa vishada vikubwa, kuwashikia vishada na kuwakunjulia kamba. Akirudi macho mekundu, nywele amezifuga, usiku hana maneno na mtu. Baba akaona dalili zote. Akawaambia watoto wote wawili walete mkojo, wanapimwa kichocho kwa ajili ya skuli. Kwa Rahma ilikuwa geresha tu, ili Nassor asione ametengwa. Wakaleta bila wasiwasi, kwani mtoto gani wa Unguja hajawahi kupimwa kichocho? Majibu ya Nassor yalipotoka, Bwana Haji alimpiga, na siku ya pili akampeleka kwenye hiyo nyumba ya nafuu, nyumba ya shamba wanakokaa watu wanaoacha madawa, katikati ya watu wazima. Mtihani wa taifa umebaki miezi miwili.

"Anakataa, Bi Sada. Kila siku anakataa. Wale wasimamizi wananambia kukataa n'do maradhi yenyewe, akikubali atapona. Jana nikenda na kijiti kingine nimekinunua mjini, nikampima kule kule. Tazama mwenyewe!"

Akanipa simu. Alikuwa amepiga picha. Kijiti kiko juu ya kigae cheupe, mistari miwili, mizuri, myekundu, imesimama sawasawa.

Nikaikuza picha kwa vidole. Nikamuuliza, "Na ile ya kwanza?"

Akatelezesha kidole. Mistari miwili.

"Bwana Haji," nikasema, "mwanao ni safi."

"Safi vipi? Si miwili hiyo?"

"Miwili ni salama. Kipimo hiki kinasomwa kinyume na cha malaria. Nassor hajatumia bangi, si siku ile wala jana."

Akaitazama tena picha. Hakupandisha sauti, na bora angepandisha. "Si nyinyi mliotufundisha? Wewe mwenyewe, Bi Sada, ulisimama pale skuli kwetu ukatuitikisha. Miwili unayo."

Ni kweli, nilisimama. Yeye tayari kidole chake kilikuwa kimeshatelezesha picha ya mwisho. Nilimuona akiitazama. Hii, alikuja kuniambia baadaye, aliipiga kwa furaha, akampelekea mama yake mzazi aione kwamba mmoja wa watoto amesalimika. Ilikuwa picha ya kijiti cha Rahma. Mstari mmoja.

"Basi huyu..." akasema, akasimama.

Nilijua anakokwenda. Mlango wa nyumba yake ulikuwa mwendo wa dakika kumi, na Rahma alikuwa atatoka skuli saa saba. Nikasimama mlangoni, mimi mtu mzima na magoti yangu mabovu, nikautia mgongo.

"Kaa, Bwana Haji."

"Nipishe."

"Sikupishi. Ushamuadhibu mtoto mmoja kwa kijiti, na kosa ni langu, mimi nilikupa nikanyamaza. Nilijua unanidanganya na nikanyamaza, nikaona nnakusitiri. Sasa unataka kumuadhibu wa pili kwa kijiti hicho hicho? Hata hicho kikisomwa sawa hakitoshi, kinatakiwa kirejewe. Rahma yupo, hatoki mbio. Nassor yuko kule wiki ya tano anaambiwa muongo. Twende kwa Nassor kwanza."

Akakaa. Akaivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akalia. Nilimwacha alie. Kisha nikaenda kwa Daktari Dhamana, nikamueleza kila kitu hapo hapo nimesimama, akaniambia, "Nenda naye. Ya kwetu tutayazungumza ukirudi."

Nyumba ile ilikuwa safi, yenye uwanja wa mchanga uliofagiliwa, na wasimamizi wake walikuwa watu wema waliofanya walivyoambiwa na baba. Nassor aliletwa. Walikuwa wamemnyoa nywele zote. Alikuwa amekonda shingo, na alipomuona baba yake pamoja na mimi, mtu wa kituo cha afya, alisimama mbali kidogo, hatua tatu.

"Shikamoo baba. Shikamoo Bi Sada."

Mimi niliitikia. Bwana Haji aliinamisha macho mchangani. Nassor alimtazama usoni, kisha akanitazama mimi, na naamini ndipo alipojua kwamba kosa limegunduliwa.

"Rahma mshampima tena?" akauliza. "Umempiga, baba?"

Bwana Haji akasema, "Ulijua?"

"Nlijua. Ni zile biskuti wanazopeana skuli. Nilimgombeza mara mbili, akanambia akila n'do anapata usingizi, akili yake haikimbii."

"Na ukakaa huku wiki tano, unanyamaza?"

"Nngesema, baba, ungenambia nnamsingizia. Na ungenisadiki, angekuja huku yeye." Akageuza uso kuangalia wale wanaume wakubwa waliokaa kivulini. "Si pahala pake huku."

Kwetu sisi mtoto ndiye anayetaka radhi kwa mzazi. Anataka radhi akisafiri, akioa, mzazi akiwa mgonjwa. Sijapata kuona katika maisha yangu radhi ikipanda kutoka juu kwenda chini, mpaka siku ile. Bwana Haji alizikata zile hatua tatu, akamshika mwanawe mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nnakutaka radhi, mwanangu. Nimekudhulumu."

Nassor hakusema nimekusamehe. Naliandika hili kwa sababu watu wakiisimulia hadithi hii mtaani humpa maneno matamu ambayo hakuyasema. Alisema tu, "Twende, baba, kabla Rahma hajatoka skuli." Akenda kuchukua mkoba wake.

Rahma aliletwa kituoni na kaka yake, si na baba. Safari hii tuliishika kanuni. Nilimueleza anapimwa nini na kwa nini, akakubali, akakojoa mwenyewe, nikaandika jina lake ubavuni mwa kikombe, na akakisoma kijiti kwa macho yake: mstari mmoja. Kisha akakaa na mshauri nasaha saa nzima. Ilibainika alianza kabla ya mtihani wa kidato cha pili, kwa hofu ya mtihani. Mama yake alikuwa akimfurahia siku hizo, anakula vizuri, mtulivu, hana makelele. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Njia hii haiendi moja kwa moja, na mzazi anayetaka kuona mwanawe amepona kwa wiki moja atajichosha na atamchosha mtoto. Bwana Haji alijifunza kukaa naye kila baada ya sala ya alasiri, amefunga duka mapema, anamuuliza na anasikiliza. Aliniambia kuuliza kulimpa tabu kuliko kushona kanzu ya bwana harusi.

Nassor aliufanya mtihani wake na wiki tano za masomo hana. Alifaulu, si kwa alivyotarajiwa. Daktari Dhamana alibandika barua ya onyo kwenye faili langu, na aliibandika kwa haki. Yeye mwenyewe akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba na lake kosa lilikuwamo. Tangu siku ile hakuna kipimo kilichotoka kituoni kwetu bila maelezo, wala mtoto aliyepimwa bila kuambiwa. Wazazi wengine walichukia. Walisema tunawavunjia sitara. Mimi nilikuwa nikiwaambia: mzazi wangu, nifunge mlango, niteremshe pazia, ninong'one, jina lako nisilitaje mpaka nife, yote hayo nitakufanyia. Lakini maneno nitakwambia, na mtoto naye tutamuuliza.

Siku yangu ya mwisho kazini wenzangu walipika biriani, wakanipa saa ya ukutani na kitambaa cha buibui. Watu walipopungua, nikamuona Nassor amesimama dirishani, pale pale aliposimama baba yake. Nywele zimeota, ngozi imeungua na jua la Paje, ambako sasa anawafundisha wageni kuteleza kwa vishada na kumsaidia ada mdogo wake. Nilikuwa nimeshamuomba msamaha baba yake, mama yake, Daktari Dhamana, hata Mungu wangu usiku na mchana. Yeye nilikuwa bado. Nilimuonea haya miaka yote ile, nikimuona njiani nikitafuta kitu ndani ya mkoba.

Nikamwambia, "Nassor, mwanangu, mimi n'do niliyempa baba yako vile vijiti."

"Najua, Bi Sada."

"Nilinyamaza. Neno moja tu nilikuwa nalo, nikalimeza."

"Najua." Alitazama ukutani, ambako nilikuwa nimebandika karatasi kwa mkono wangu, herufi kubwa: hapa miwili ni salama. Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza mbele yangu. "Mie sitaki uniombe kitu. Wewe unaondoka leo. Hao wanaobaki, wameshaambiwa?"

"Wa hapa wameshaambiwa."

"Na wa kwengine?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani na saa yangu ya ukutani, nikakaa wiki moja bila kuitundika, kisha nikatafuta daftari na kalamu. Haya ndiyo majibu ya swali lake.